Siagi ikigoma kutoka: ni mgeni aliyeondoka nayo au ni joto?

Dada yangu, salamu zimefika na swali nimelisoma lote. Unasema unakusanya krimu ya maziwa kwenye friji, ikifika kama lita moja unaimimina kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana unaanza kutikisa, siku nyingine siagi inatoka kabla hata hujachoka, siku nyingine unatikisa zaidi ya saa nzima unapata povu tu mpaka mikono inakufa ganzi. Alafu umesoma kwamba Ireland zamani mgeni akiingia nyumbani watu wanasuka siagi ilikuwa lazima naye ashike mchi asuke kidogo, asiposhika anaondoka na siagi ya nyumba, sasa unaniuliza mila za namna hiyo zina chochote ndani yake au ni ushirikina mtupu, na ufanye nini ili siagi isikugomee tena.

Kwa ulivyoeleza, krimu yako siku zile inapogoma ni ya baridi mno. Unaitoa kwenye friji ikiwa na nyuzi 4 au 5 na unaanza hapohapo, na siku zile inapokubali naamini ni siku ambazo chupa ilikaa mezani muda kidogo wakati unahangaika na mambo mengine. Hilo ndo jibu la upande wa mikono. Upande wa mila ni mrefu zaidi na mimi naupenda, manake nimefanya kazi ya maziwa muda mrefu na kadiri ninavyozisoma zile mila ndo naona waliokuwa wanazifuata walikuwa wanapambana na jambo hilihili la joto, tena bila kipimajoto na bila friji.

Tuanze na ndani ya chupa. Krimu ni maji yenye vitone vidogo sana vya mafuta, kila kitone kimevikwa utando mwembamba unaokizuia kisishikane na mwenzake. Ukisuka unavigonganisha, utando unachanika, vitone vinaanza kunatana mpaka vinakuwa punje. Ila ili vinatane kila kitone kinatakiwa kiwe kimeganda kiasi na kimelainika kiasi, yaani ile sehemu iliyoganda inatoboa utando wa jirani alafu ile laini inafanya kazi ya gundi. Krimu ikiwa ya baridi sana mafuta mengi yamekuwa magumu, gundi haitoshi, unachofanya ni kupiga hewa tu na povu linakaa vilevile hata usuke mpaka jioni. Ikiwa ya moto sana mafuta yameyeyuka, ama vitone vinagongana na kuachana, ama siagi inakuja haraka lakini inakuwa mlenda, inanata kwenye mikono, na mafuta mengi yanabaki kwenye mtindi, yaani yale majimaji yanayobaki siagi ikishatoka.

Kwahiyo lenga nyuzi 12 mpaka 15 za Selsiasi. Kama chumba ni cha joto anzia kwenye 11 au 12 kwa sababu kutikisa kwenyewe na joto la mikono vinapandisha kidogo, kama chumba ni cha baridi anzia 15 hata 16. Kipimajoto cha jikoni kinatosha kabisa, sio lazima kiwe cha maabara. Ukikuta krimu iko 5 weka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, izungushe taratibu, pima tena. Usiiweke kwenye maji ya moto, ile krimu ya pembeni itayeyuka wakati ya katikati bado iko baridi na hapo umeharibu zaidi.

Na kuna kitu watu wengi wanaruka: krimu lazima iwe imelala kwenye baridi usiku mzima kabla ya siku ya kusuka. Mafuta yanaganda polepole, krimu uliyoichemsha asubuhi ukaipoza mchana kipimajoto kitakuambia 13 lakini ndani mafuta hayajajipanga. Na kuchemsha uchemshe kama maziwa yako yanatoka moja kwa moja kwa ng'ombe, maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15, krimu yenyewe nyuzi 66 kwa dakika 30 au 75 kwa sekunde 15, manake maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu, na vijidudu hivyo havifi kwa kuwa tu umetoa siagi.

Sasa angalia chupa yako vizuri utaona mambo yanavyokwenda. Mwanzo krimu inachapuka, sauti ni ya majimaji. Baadaye inakuwa nzito, kioo chote kinafunikwa weupe huoni ndani, chupa inakuwa kama haina sauti kabisa na unahisi hakuna kinachosogea. Hapo ndo watu wengi wanakata tamaa na hapo ndo hupaswi kuacha. Endelea. Ghafla utasikia uzito umebadilika mkononi, kitu kinagonga, majimaji yanarudi, na kioo kinaanza kujisafisha chenyewe toka juu, ule utando mweupe unateleza unashuka na nyuma yake unaona punje za manjano kama mchele zinaogelea kwenye mtindi. Simama hapo. Ukiendelea mpaka ziwe donge moja kubwa utafungia mtindi ndani ya siagi na itachacha mapema. Wale waliotumia pipa la mbao lenye mchi walikuwa wanaangalia hichohicho, mchi ukitoka umepakaa krimu bado, ukitoka msafi na punje ndogo zimeng'ang'ania basi imekuja.

Kama joto liko sawa na bado inagoma, sababu nyingine ziko chache. Chupa imejaa mno, krimu isizidi nusu ya chombo, theluthi ni bora zaidi. Krimu ni nyepesi, chini ya mafuta asilimia 25 hivi utasuka sana. Maziwa ni yale ya kiwandani yaliyopasuliwa vitone vyake ili krimu isipande, hayo achana nayo. Umechanganya krimu mpya na ya zamani dakika ya mwisho, moja inatoka kabla ya nyingine na unapoteza mafuta. Ng'ombe yuko mwisho wa kunyonyesha, maziwa yake yanakuwa na vitone vidogo na ladha ya chumvichumvi, hayo husumbua kweli. Maziwa ya mbuzi nayo krimu haipandi vizuri kwa sababu vitone ni vidogo, na ya ngamia ni kazi ngumu zaidi, mafuta yake yanayeyuka kwenye joto la juu kiasi kwamba inabidi usuke yakiwa nyuzi 20 na kitu. Na chombo kikiwa kichafu vijidudu vinatoa gesi, krimu inafura povu lenye harufu mbaya, hiyo hata ukisali haitoki.

Shika hayo yote kichwani, alafu jiweke kwenye nafasi ya mwanamke wa Ireland wa miaka 200 iliyopita. Siagi kwake haikuwa kitu cha kupaka mkate tu. Ilikuwa hela ya kodi ya shamba. Soko la siagi la Cork lilianzishwa mwaka 1770 na likawa moja ya masoko makubwa ya siagi duniani, siagi ya chumvi ikipakiwa kwenye mapipa madogo na kusafirishwa mbali sana mpaka ng'ambo ya Atlantiki, lilikuja kufungwa 1924. Nyuma ya kila pipa kuna mwanamke aliyekusanya krimu siku kadhaa, akaisuka, na siku siagi isipokuja amepoteza kazi ya siku zote hizo na mwenye shamba anangoja. Krimu ni ileile, mikono ni ileile, pipa ni lilelile, wiki iliyopita ilikuja leo haiji. Anachokiona kilichobadilika ni kwamba jirani alipita. Mimi kwa kweli siwezi kumcheka mtu wa namna hiyo.

Ndo maana hiyo mila uliyoisoma ilishika sana. Anayeingia anasema "Mungu aibariki kazi", anashika mchi, anasuka kidogo, ndo anaendelea na shida yake. Kati ya 1937 na 1939 Tume ya Ngano ya Ireland, yaani ngano za hadithi na mila za kale, iliwapa watoto wa shule kazi ya kuandika masimulizi ya wazee wao, na kusuka siagi ilikuwa moja ya mada walizopewa, na hili la mgeni kushika mchi limejirudia humo mara nyingi sana. Ukitazama kwa jicho la kazi lina akili. Kusuka pipa kubwa ni kazi ya mabega, na kitu kibaya kuliko vyote ni kusimamasimama, kwahiyo kila mlango unapofunguka unapata mikono mipya na aliyechoka anapumua bila mchi kusimama. Utaratibu ukiitwa msaada watu watakwepa, ukiitwa baraka hakuna atakayekataa.

Mila nyingine yao ilikuwa ni kutotoa moto nje ya nyumba siagi ikisukwa. Jirani akija kuomba kaa la moto anaambiwa asubiri, na hata mwenye kuwasha kiko chake asitoke nacho kinawaka. Hii ilikazwa zaidi siku ya kwanza ya Mei, siku hiyo hakuna kutoa moto, maziwa, siagi wala maji. Iliaminika asubuhi hiyo mwanamke mwenye nia mbaya anaweza kuteka juujuu ya maji ya kisima cha mwenzie, au kuburuta kitambaa kwenye umande wa malisho ya mwenzie huku anasema vyote vije kwangu, na mwaka mzima siagi ya yule mwingine inahamia kwake. Kwa nini Mei? Kwa sababu ng'ombe ndo wanatoka kwenye ukame wa baridi wanaingia majani mapya, maziwa yanafurika, na siagi ya majani mabichi inakuwa ya manjano zaidi kwa ile karotini ya kwenye nyasi na laini zaidi, inakuja kirahisi. Sasa jirani mmoja ng'ombe wake wamezaa mapema na wako kwenye majani mazuri, wa pili wake bado ni wa mwisho wa kunyonyesha, wote wawili wanasuka siku moja, mmoja anajaza pipa mwingine anapata povu. Aliyepata povu anaona kabisa siagi yake imehamia ng'ambo ya ukuta. Ilivyoonekana ni hivo, na hakuna aliyekuwa na namna ya kumwonyesha vingine.

Lakini inayonifurahisha kuliko zote ni ya chuma cha moto. Ireland, Scotland na Uingereza kote huko watu walikuwa siagi ikigoma wanachukua kiatu cha farasi au kipande cha jembe, wanakiweka kwenye moto mpaka kinakuwa chekundu alafu wanakitumbukiza kwenye krimu, wakiamini kinamuunguza mchawi aliyekaa ndani yake au kinamuunguza huko aliko. Na siagi ilikuwa inakuja kweli! Piga hesabu nami. Chuma cha nusu kilo kilichoiva mpaka nyuzi 700 hivi, ukikizamisha kwenye lita 8 za krimu, ukitoa joto linalopotea kwa mvuke, kinapandisha ile krimu nyuzi 3 mpaka 5. Krimu ya chumba cha baridi iliyokuwa 9 sasa iko 12 au 13. Yaani imeingia kwenye lile eneo nililokuambia hapo juu, na baada ya kusuka kidogo tu siagi hii hapa. Wewe ungekuwa pale usingeamini? Mimi ningeamini, na ningemfundisha binti yangu.

Kuna na za ulinzi wa chombo chenyewe. Tawi la mrowani, ule mti wa matunda mekundu madogo, linafungwa kuzunguka pipa, wengine wanatengeneza mchi wenyewe kwa mti huo. Chumvi inanyunyizwa. Sarafu ya fedha inawekwa ndani. Hizi sioni zinavyogusa joto wala mafuta, nikikuambia zina siri ya kisayansi nitakuwa nakudanganya, isipokuwa chumvi maana nyumba inayohangaika kusugua pipa kwa chumvi na kuliunguza kwa maji yanayochemka kabla ya kusuka ni nyumba yenye pipa safi, na pipa la mbao likishaingia uchachu kwenye nyufa halikusamehe.

Na nyimbo. Mwaka 1656 Mwingereza Thomas Ady, mtu aliyekuwa anapinga sana ule mtindo wa kuwasaka na kuwaua watu kwa uchawi, aliandika habari ya mwanamke mzee aliyekuwa na maneno ya kusema mara tatu siagi ikichelewa: njoo siagi njoo, Petro yuko getini anangoja keki yenye siagi. Maneno ya aina hiyo yaliendelea kuimbwa na watu Uingereza na baadaye Marekani miaka mingi sana. Ukiyaimba huku unasuka utagundua yanafanya nini, yanakupa mwendo mmoja. Watu wasio na wimbo wanaanza kwa kasi kama wanafukuzwa, baada ya dakika tano wako hoi wanaanza kusuasua. Mwendo wa kati usiobadilika ndo unaotoa siagi, na wimbo unakushikia huo mwendo kuliko saa. Kwahiyo hapa nakushauri kabisa, imba. Chochote unachokipenda.

Sasa kuna upande ambao lazima niuseme na nauchukia. Mila nyingi hizi zilikuwa zinahitaji mwizi. Siagi imekosekana, basi kuna mtu kaichukua, na mara nyingi huyo mtu alikuwa mwanamke, mzee, anayeishi peke yake, au yule jirani aliyekuja kuazima kitu siku mbaya. Iceland walikuwa na habari ya kiumbe kinachoitwa tilberi, mwanamke anakitengeneza kwa ubavu alioutoa makaburini, kinakwenda kunyonya ng'ombe wa watu na kurudi kutapika kwenye chombo chake cha kusukia. Sweden walimsema sungura wa uchawi anayenyonya ng'ombe, na kwenye makanisa kadhaa ya zama za kati ya Sweden na Denmark bado kuna picha ukutani za mwanamke anasuka siagi huku shetani anamsaidia. Fikiria umekaa ibadani kila Jumapili unatazama hiyo, alafu Jumatatu jirani yako anapata siagi nyingi kuliko wewe. Ireland kwenyewe kulikuwa na masimulizi ya watu kukoroga maziwa kwa mkono wa maiti ili siagi iongezeke. Kwa hiyo dada, chukua mila ya mgeni kushika mchi kama ukarimu na kama msaada wa mabega, ila usichukue ile nusu yake ya pili inayosema asiyeshika ni mwizi. Watu wameumizwa kwa hiyo nusu ya pili, na kosa lilikuwa krimu ya nyuzi 9.

Nisikuache ukadhani mambo haya ni ya Ulaya tu. India walisuka kwa mti uliosimama ndani ya chungu, umezungushiwa kamba, unavuta huku na huku mti unazunguka, na chombo hichohicho ndo kimebebwa kwenye simulizi yao kubwa ya miungu na mahasimu wao kuisuka bahari ya maziwa, mlima Mandara ukiwa mti na nyoka Vasuki akiwa kamba, upande mmoja wanavuta hawa upande mwingine wale. Ukienda Angkor Wat huko Kambodia simulizi hiyo imechongwa ukutani urefu wa karibu mita 50, kazi ya karne ya 12. Na Krishna mtoto anajulikana kwa kuiba siagi, mpaka leo kwenye sikukuu yake vijana wanapandana mabegani kuvifikia vyungu vilivyotundikwa juu. Ona tofauti: huyu mwizi wa siagi anapendwa, hakuna anayechomwa moto. Napenda sana hiyo.

Mashariki ya Kati watu wa jangwani walitundika mfuko wa ngozi ya mbuzi kwenye miti mitatu wakaubembeza, na kwenye jangwa la Negevu wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vyombo vya udongo vyenye umbo la mfuko huohuo, vya zaidi ya miaka 5,500. Rwanda na Burundi ni kibuyu kikubwa, igisabo, kinatikiswa mapajani au kikiwa kimetundikwa, na Ankole vilevile kuna kibuyu chao. Ethiopia ni kibuyu au chungu cha udongo kinachobembezwa chini, na siagi inakwenda mpaka kwenye nywele za watu, sio chakulani tu. Hawa wengi hawasuki krimu, wanasuka maziwa yote yakiwa yameshaganda, na hiyo ni akili nzuri mahali pa joto ambapo krimu ingeharibika kabla haijatosha, tena maziwa yaliyochacha yanaachia mafuta kirahisi kuliko mabichi. Chombo kinafukizwa kwanza kwa moshi wa mti uliochaguliwa, Ethiopia mzeituni mwitu ndo unaopendwa. Moshi unaua vijidudu kwenye vinyweleo vya kibuyu ambavyo hakuna brashi inayofika, na unaacha harufu ambayo aliyelelewa nayo hawezi kula siagi isiyokuwa nayo. Miaka ya 1980 kituo cha kimataifa cha mifugo pale Addis Ababa kiliwahi kujaribu kuongeza kikorogeo cha mbao ndani ya kile chungu cha kienyeji, chungu ni kilekile, muda wa kusuka ukapungua na mafuta yanayopatikana yakaongezeka. Hivo ndo ningependa mambo haya yaboreshwe, bila kumwambia mama atupe chungu chake.

Nimekwenda mbali, turudi kwenye chupa yako. Punje zikishaonekana chuja mtindi, usiumwage, ni mzuri wa kunywa na wa kukandia unga. Kisha mimina maji safi ya baridi sana juu ya punje, zungusha, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe-meupe kidogo tu na mwisho yawe safi kabisa. Watu wanaona hii ni urembo lakini hapa ndo siagi inapata umri, kila tone la mtindi linalobaki ndani ni chakula cha vijidudu, na siagi isiyooshwa inaanza kunuka siku chache tu. Alafu ikande kwa mwiko wa mbao uliolowekwa kwenye maji ya baridi, usitumie vidole maana vina joto, ikande ukibonyeza na kukunja mpaka hakuna matone ya maji yanayotoka. Chumvi gramu 10 mpaka 20 kwa kilo ya siagi, ukitaka. Kutoka lita moja ya krimu nzito ya asilimia 35 tegemea gramu 400 hivi, na kama unaanzia kwenye maziwa yenyewe ya asilimia 4 basi kilo moja ya siagi inakula kama lita 21 au 22 za maziwa, kwahiyo usishtuke ukiona donge ni dogo.

Ikiwa huna friji ya uhakika au umeme unakatika, igeuze samli. Moto mdogo, acha maji yaishe, ile sauti ya kuchemka ikinyamaza na vile vimasalia chini vikaanza kuwa vya rangi ya kahawia chuja kwa kitambaa. Maji ndo yanayoharibu siagi, samli haina maji, inakaa miezi. Waairishi wao walikuwa na njia nyingine kabisa, walifukia siagi kwenye ardhi ya majimaji ya mboji ambako hakuna hewa na kuna ubaridi, na mwaka 2016 kwenye kaunti ya Meath lilichimbuliwa donge la kama kilo 10 linalokadiriwa kuwa na miaka 2,000 na bado lilikuwa linanuka siagi. Wengine wanasema lilikuwa ghala, wengine sadaka, mimi sioni kwa nini lisiwe yote mawili.

Kwahiyo safari ijayo fanya hivi: krimu ilale usiku mzima kwenye friji, asubuhi itoe, ipime, ipandishe kwenye beseni la uvuguvugu mpaka 13, chupa isizidi nusu, tikisa kwa mwendo mmoja, mtu akiingia mpe chupa naye atikise. Kama dakika 40 zinapita na bado ni povu, usiongeze nguvu, pima tena joto kwanza. Na ukiniandikia tena niambie vitu vitatu tu, joto la mwanzo, joto la mwisho, na ng'ombe ana miezi mingapi tangu azae, hapo nitaweza kukuambia kwa uhakika tatizo liko wapi.